Kabla Hujanunua Kitabu cha Bayometria au cha Uwepo wa Mbali

Mazungumzo na wasomaji wa maktaba katika juma la Siku ya Haki za Mlaji Duniani



Katika kazi yetu tumezoea kumwona mlaji akiwa amesimama mbele ya mizani, au mbele ya pampu ya mafuta, au kwenye dirisha la duka la dawa. Ni nadra kumfikiria akiwa amesimama mbele ya rafu ya vitabu. Hata hivyo kitabu ni bidhaa kama bidhaa nyingine: kina bei, kina mtengenezaji, kina tarehe, na chaweza kuwa kimekwisha muda wake huku jalada lake likimeremeta. Tofauti ni kwamba unga ulioharibika hunuka, ilhali kitabu kilichopitwa na wakati hakinuki. Mnunuzi huenda nacho nyumbani, akakisoma kwa bidii, akajifunza mambo yaliyokwisha kukanushwa.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya kitaaluma vya aina mbili ambavyo siku hizi huulizwa hata na watu wasio wanafunzi wa chuo. Aina ya kwanza ni vitabu vya bayometria, yaani elimu ya kumtambua mtu kwa mwili wake: alama za vidole, uso, mboni ya jicho, sauti, hata mwendo wa miguu. Ya pili ni vitabu vya teknolojia ya uwepo wa mbali, yaani ile inayomwezesha mtu kuona, kusikia na hata kutenda mahali ambapo mwili wake haupo. Mkutano wa video ni mtoto mdogo wa ukoo huo. Roboti inayoongozwa kutoka bara jingine ni kaka yake.

Si ajabu kwamba maswali haya yamefika kwa mlaji wa kawaida. Mwaka 2015 wapiga kura wa Tanzania waliandikishwa kwa alama za vidole na picha. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 laini za simu zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole nchi nzima, na wengi wenu mnaikumbuka foleni ya siku zile za mwisho za Januari 2020. Leo chama cha akiba na mikopo hufikiria kufunga mashine ya kidole mlangoni mwa ofisi yake; kamati ya shule huletewa mashine ya mahudhurio; zahanati huambiwa kwamba daktari bingwa ataonekana kwenye skrini. Katika kila kamati ya namna hiyo huwapo mjumbe mmoja mwenye busara anayesema, "Tusome kwanza." Huyo mjumbe ndiye ninayezungumza naye leo. Fedha atakazonunulia kitabu ni za wanachama, na mashine itakayochaguliwa baada ya kukisoma itamfungulia au kumfungia mlango mtu aliyekuja kuchukua akiba yake.

Kitabu cha kitaaluma kutoka Ulaya au Marekani mara nyingi huvuka dola 100 kabla ya gharama ya kusafirisha. Kwa hiyo swali la kwanza si "kipi kizuri?" bali "nakitaka kwa kazi gani?" Nimeona orodha za wauza vitabu zikiweka bayometria na uwepo wa mbali pamoja chini ya kichwa "teknolojia mpya", kana kwamba anayetaka kimoja atatosheka na kingine. Hazifanani. Bayometria huuliza: huyu ni nani? Uwepo wa mbali huuliza: ninawezaje kuwa pale nisipokuwapo? Mwenye fedha ya kitabu kimoja na anayekaribia kununua mashine ya kidole, anunue cha bayometria na aache kile kingine kwenye maktaba.

Nianze basi na bayometria, na hapa nitakaa kwa muda.

Vitabu vyake vimegawanyika katika koo tatu. Kuna vya wahandisi, vinavyoeleza namna mashine inavyofanya kazi. Kuna vya wanahistoria na wanajamii, vinavyoeleza namna watu walivyofanyiwa kazi na mashine hizo. Tena kuna vya kisheria. Mnunuzi hukosea anapochukua kitabu cha ukoo mmoja akitarajia majibu ya ukoo mwingine.

Katika ukoo wa wahandisi, jina msilolikwepa ni la Anil K. Jain wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Kitabu alichoandika na Arun Ross na Karthik Nandakumar, *Introduction to Biometrics*, kilichotoka mwaka 2011, ni cha kufundishia. Kinamshika mkono msomaji aliyesoma hisabati ya sekondari, ingawa kuna kurasa atakazoziruka. Kile cha *Handbook of Fingerprint Recognition*, alichokiandika Jain pamoja na Davide Maltoni na wenzao, kina matoleo matatu: la 2003, la 2009 na la 2022. Hiki ni cha fundi. Mjumbe wa kamati akikinunua atakuwa amenunua trekta la kulimia bustani ya mchicha.

Lakini sikuja hapa kutaja majina tu, kwa kuwa majina hubadilika. Nataka niwape jaribio mnaloweza kulifanya dukani kwa dakika tano, mkiwa mmesimama. Fungueni faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu, mtafute maneno yanayohusu makosa. Kila mfumo wa bayometria hukosea kwa namna mbili. Humkubali asiyestahili, na humkataa anayestahili. Ukikaza mlango ili wezi wasipite, wenye nyumba nao watazuiwa; ukiulegeza ili wenye nyumba wapite, mwizi naye ataingia. Hakuna mashine inayoepuka mizani hiyo. Kitabu kinachotaja "usahihi wa asilimia 99" bila kusema ni kosa lipi kati ya hayo mawili kinachopimwa, kirudisheni kwenye rafu.

Jaribio la pili: tazameni kama kitabu kinatenganisha kuthibitisha na kutambua. Kuthibitisha ni kulinganisha kidole kimoja na kumbukumbu moja: mtu anasema yeye ni mwanachama namba fulani, mashine inahakiki. Kutambua ni kulinganisha kidole kimoja na daftari zima: huyu ni nani miongoni mwa wote? Tofauti yaonekana ndogo, lakini hesabu yake inatisha. Chukueni mfano wa mashine inayofananisha watu wawili tofauti kimakosa mara moja tu katika kila ulinganisho 10,000. Katika kuthibitisha, hilo ni jambo la kuvumilika. Sasa ipeleke mashine hiyo hiyo kwenye daftari la watu milioni 20, itafute mwenye kidole kimoja. Itakuletea watu wapatao 2,000 wasiohusika. Kitabu kisichowaonyesha hesabu hii kimeandikwa na mtu anayeuza kitu.

La tatu ni lile ninaloliona kubwa kuliko yote kwetu. Ulizeni kitabu kinasema nini kuhusu mtu ambaye kidole chake hakisomeki kabisa. Mwashi aliyeshika saruji kwa miaka thelathini, mama aliyelima kwa jembe la mkono tangu utotoni, mzee ambaye mistari ya vidole vyake imefifia: hawa si watu wa nadra katika nchi yetu. Kwa fundi wa maabara wao ni sehemu ndogo ya asilimia. Kwa chama cha akiba na mikopo cha wilayani wao ndio wanachama. Kitabu kizuri kina sura, au walau kurasa kadhaa, kuhusu kushindwa kuandikishwa na kuhusu njia mbadala ambayo haimdhalilishi mtu. Nilipokuwa nikiandaa maneno haya nilirudia tena ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2010, *Biometric Recognition: Challenges and Opportunities*. Inasema waziwazi kwamba mifumo hii hutoa makisio ya uwezekano na kwamba kukosea ni sehemu ya maumbile yake. Na habari njema kwa mlaji: mchapishaji wake, National Academies Press, huitoa bure kwenye intaneti. Kwa kamati nyingi, ripoti hiyo yatosha, na dola 100 zitabaki kwenye sanduku.

Sasa umri wa kitabu. Watu huniuliza, "Je, kitabu cha miaka kumi na mitano kimeoza?" Jibu hutegemea kiungo cha mwili kinachozungumziwa. Kanuni za alama za vidole, yaani mistari, matuta na namna inavyokatika na kugawanyika, hazijabadilika sana. Hata kitabu cha Francis Galton cha 1892, ambacho haki zake zimekwisha na chapatikana bure, bado chafundisha. Utambuzi wa uso ni jambo tofauti kabisa. Karibu mwaka 2014 mbinu za mitandao ya neva yenye tabaka nyingi ziliupindua uwanja ule juu chini. Kitabu cha utambuzi wa uso kilichoandikwa kabla ya hapo ni cha historia, hata kama muuzaji amekiweka kwenye rafu ya "vipya". Tena mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti kuhusu programu tatu za kibiashara zilizokuwa zikibashiri jinsia ya mtu kwa kuutazama uso wake. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuvuka asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Msomaji wa Afrika Mashariki anayenunua kitabu cha nyuso kisichogusia jambo hili amenunua kitabu kilichoandikwa kana kwamba yeye hayupo.

Halafu kuna udanganyifu. Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake huko Yokohama walitengeneza vidole vya jelatini, malighafi ile ile ya peremende laini za watoto, na vikakubaliwa na visomeo vingi walivyovijaribu. Kitabu kinachodai kwamba kidole hakighushiwi kimesahau jambo lililojulikana zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Na kinachodai kwamba mtaalamu wa alama za vidole hakosei, kimesahau mwaka 2004, FBI ilipomkamata wakili mmoja wa Oregon kwa alama iliyookotwa baada ya milipuko ya treni za Madrid; polisi wa Hispania wakabaini kwamba alama ile ilikuwa ya mtu mwingine, na FBI ikaomba radhi.

Ukoo wa pili, wa wanahistoria, nausifu zaidi ya desturi ya ofisi yetu. Kitabu cha Simon Cole, *Suspect Identities*, cha 2001, kinasimulia namna alama za vidole zilivyopata sifa ya kutokosea kabla hazijapimwa barabara. Cha Keith Breckenridge, *Biometric State*, cha 2014, kinahusu Afrika Kusini na kimefaa sana kwa Mwafrika kusoma. Wazee kutoka Kenya wataelewa mara moja kwa nini. Neno "kipande" halihitaji kufafanuliwa kwao: sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba cheti chenye alama ya kidole chake, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Bayometria si mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege juzi. Anayefikiria kuifunga mlangoni mwa ofisi ya wanachama wake anufaike na kitabu kimoja cha namna hii, hata kwa kuazima.

Ukoo wa kisheria nautaja kwa sentensi chache. Tazameni tarehe. Kitabu kinachoeleza sheria ya Ulaya na hakitaji kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2018 kimepitwa. Na hata kikiwa kipya, hakitawaeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hiyo someni yenyewe, kwa lugha yake, pasipo kulipia kitabu cha kigeni.

Nije kwenye uwepo wa mbali. Neno lenyewe lilienezwa na Marvin Minsky katika makala ya mwaka 1980, akiwaza juu ya mikono ya mashine inayofanya kazi migodini na kwenye vinu vya nyuklia huku mwenye kuiongoza akiwa salama mbali. Mnunuzi wa vitabu vya uwanja huu ana hatari moja kuu: vingi ni matangazo yaliyovaa joho la chuo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Utakuta sura nzima inayosifu vyumba vya mikutano vya aina fulani, skrini tatu, viti vya ngozi, na mwisho wa sura hujui kama mtu aliyekaa mle alimwelewa mwenziwe vizuri zaidi kuliko kwa simu.

Dawa yake ni kutafuta katika kitabu mambo yasiyozeeka. Nayaona mawili. La kwanza ni ucheleweshaji wa mawimbi. Setilaiti inayosimama juu ya ikweta iko umbali wa takriban kilomita 36,000. Neno likipanda na kushuka hutumia karibu robo ya sekunde, na jibu lake robo nyingine. Hakuna mchapishaji wala mhandisi atakayeifuta hesabu hiyo, kwa kuwa ni mwendo wa nuru. Kwa sababu hiyo kitabu cha kabla ya 2009 kinapozungumzia mawasiliano ya Afrika Mashariki huwa kinazungumzia setilaiti. Mwaka huo nyaya za kwanza za chini ya bahari zilifika pwani yetu, na hali ikabadilika. Kitabu kitakachoeleza ucheleweshaji kwa hesabu kitawafaa hata vifaa vyote vilivyochorwa ndani yake vikiwa vimetupwa jalalani. Mfano wanaoutumia wengi ni upasuaji wa Septemba 2001: Jacques Marescaux akiwa New York aliongoza roboti iliyotoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka alipokuwa. Vitabu vya ushabiki huishia hapo, pamoja na picha. Vitabu vizuri huongeza kwamba kulikuwa na mkondo maalumu wa mawasiliano na madaktari wengine waliosimama kando ya mgonjwa, tayari kuushika mkasi endapo mkondo ungekatika. Zahanati inayoahidiwa daktari wa kwenye skrini iulize hasa hayo: mkondo ukikatika, nani yuko kando ya mgonjwa?

La pili ni tabia ya binadamu. Kitabu cha John Short, Ederyn Williams na Bruce Christie, *The Social Psychology of Telecommunications*, ni cha 1976. Hakijui intaneti wala simu ya mkononi, lakini swali lake, ni kazi zipi zinazohitaji watu waonane na ni zipi zinazotosheka kwa sauti, ndilo swali la kamati yoyote inayotaka kununua vifaa vya video. Hapa basi umri si kasoro. Kwa anayetaka picha ya utafiti wa karibu zaidi, upo mkusanyo wa 2015, *Immersed in Media*, uliohaririwa na Matthew Lombard na wenzake. Mjue kwamba ni mkusanyo: kila sura ina mwandishi wake, nyingine zina nguvu, nyingine zimejaza nafasi. Kama wachapishaji wanauza sura mojamoja, nunueni sura mnayoihitaji. Kile cha *The Robot in the Garden*, kilichohaririwa na Ken Goldberg mwaka 2000, ni cha falsafa; kinajengwa juu ya bustani halisi ambayo watu wa intaneti walipanda mbegu ndani yake kupitia roboti kuanzia 1995. Kinapendeza. Hakitawasaidia kuchagua kifaa.

Koo hizi mbili, bayometria na uwepo wa mbali, hukutana mahali pamoja tu ninapopaona pa maana kwa mlaji: pale mtu anapotakiwa athibitishe kuwa ni yeye akiwa mbali, kwa kamera ya simu, ili afungue akaunti au afanye mtihani. Hapo swali huwa si uso huu ni wa nani peke yake, bali pia kama kuna mtu hai nyuma yake. Vitabu vya kabla ya 2018 havina la kusema kuhusu video za kughushi zinazotengenezwa na kompyuta. Katika jambo hili moja nunueni kipya au msinunue.

Namalizia na mambo ya dukani. Toleo jipya na chapa mpya si kitu kimoja. Chapa mpya ni maneno yaleyale yaliyopigwa tena mashineni. Ukurasa unaofuata jina la kitabu huonyesha. Namba ya utambulisho ya kitabu imekuwa na tarakimu 13 tangu 2007. Yenye tarakimu 10 pekee huashiria chapa ya zamani, hata kama tangazo linasema vinginevyo. Jihadharini na vitabu vyenye vichwa vikubwa na visivyo na jina la mwandishi mnayeweza kumfuatilia kwenye chuo chochote. Wapo waliokusanya makala za Wikipedia, zinazosomwa bure na kila mtu, wakazifunga jalada na kuzitoza bei ya kitabu cha chuo. Ombeni orodha ya yaliyomo kabla ya kulipa. Ulizeni chuo kilicho karibu nanyi kama kimejiunga na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu vitabu na majarida bure au kwa bei ndogo.

Kuhusu kitabu cha kielektroniki, someni masharti. Mara nyingi hununui kitabu, unanunua ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali nakala za vitabu vya George Orwell zilizokuwa tayari kwenye vifaa vya wateja, na mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu na vitabu vyote vilivyouzwa pale vikatoweka. Katika yote mawili wateja walirudishiwa fedha, lakini rafu zao zilikuwa tupu. Kwa maktaba ya chama, itakayosomwa na wajumbe watakaochaguliwa miaka kumi ijayo, mimi ningechukua karatasi.

Kitabu kilichotumika nacho si aibu, kama toleo ni sahihi na kurasa hazijapungua. Hesabuni sura kabla ya kutoa fedha. Na daini risiti. Malalamiko kuhusu kitabu hupokelewa kama ya bidhaa nyingine yoyote: njooni na risiti, kitabu chenyewe, na lile tangazo lililowavutia, kama bado mnalo.